Bibi Yako Anakuja Saigoni Bila Unga

Chamazi, nyuma ya uwanja wa mpira,
Temeke, Dar es Salaam.
20 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu, mke wangu mdogo, Munira,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, basi naipokea kabla haijafika, maana kwa umri wangu huu mtu haweki marahaba akiba. Hujambo? Tumbo halijambo? Miguu imeacha kuvimba? Na huyo bwana anayejiita mumeo, Fakihi, aliyeninyang'anya mke mchana kweupe kwa kisingizio cha biashara ya korosho, naye mzima? Mwambie sijamsamehe, ila akila ashibe.

Sie huku hatujambo, kwa maana ya kujibia salamu. Kifua changu kimetulia, jicho la kushoto linaona linachotaka. Bibi yako Somoe ananigombeza asubuhi na jioni, kwa hiyo ujue ni mzima. Lakini ukitaka undani, mjukuu wangu, tunaishi kwa hofu. Boda boda ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, mie nainuka na mchi wa kinu. Muuza maji wa watu juzi nusura nimpasue kichwa.

Vaileth, yule msusi mpangaji wetu wa chumba cha uani, alikupigia akakwambia kwa kifupi tu: msimfungulie mtu mlango, msipokee mzigo wa mtu. Leo nakuandikia kirefu, ujue mambo yalipoanzia. Ukikuta herufi zimelala, nisamehe. Darasa la nne nililoishia walinifundisha kuziandika, kuziamsha ilikuwa kazi ya darasa la tano.

Uliposema daktari wa huko amekukataza kupanda ndege na tumbo hilo, Bibi yako alikaa kwenye mkeka akanyamaza. Somoe kunyamaza! Nilidhani kapooza. Kisha akasema mimba ya kwanza mtoto hujifungulia kwao, na kama mtoto hawezi kuja kwao, basi kwao kutamfuata. Mama yako, Mungu amrehemu, angekuwa hai angekwenda yeye. Hayupo. Nani atakukanda maji ya moto? Fakihi? Anajua kukanda nini huyo zaidi ya chapati? Basi ikaamuliwa Bibi aende, na mie nikapewa kazi ya kutafuta tiketi ya bei ya chini ya kwenda huko Saigoni mliko.

Kazi hiyo ndiyo iliyotuponza.

Vaileth alikaa na simu yake, mie nikakaa pembeni nikiwa mshauri. Siku ya kwanza tu akaipata moja nzuri. Ndege mbili, kubadilisha mara moja tu Uarabuni, bei ambayo mtu anaweza kuitazama bila kuuma ulimi. Vaileth akasema, "Babu, hii tuichukue sasa hivi."

Nikamwambia, "Funga hiyo simu! Usionyeshe kama tunaitaka."

"Babu, hii siyo Kariakoo."

"Biashara ni biashara. Mpe mgongo, ondoka polepole. Atatuita mwenyewe."

Wewe unanijua, sijawahi kununua hata kandambili bila kuondoka kwanza. Tukaipa tiketi mgongo. Nikamwagiza Vaileth aseme kwa sauti karibu na simu kwamba safari yenyewe hatuna haja nayo, Bibi ameghairi, anaumwa magoti. Mie nikakohoa kimaskini. Kesho yake tukafungua kuona kama muuzaji kalegea. Munira, bei ilikuwa imepanda kama imetukanwa! Tukaipa mgongo tena, ikapanda tena. Siku ya tatu ile tiketi haikuwepo kabisa. Bibi yako aliniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu kalamu hii nimeazima kwa ustadhi.

Zikabaki tiketi za kuungaunga, leo ndege hii, kesho ile, kwenye miji ambayo hata Vaileth hakuweza kuitamka. Nikafikiria Somoe wangu, ambaye hata kwenda Bagamoyo lazima ashikwe mkono, asimame katikati ya uwanja wa ndege wa watu asiowajua, hajui kusoma, hana wa kumuuliza. Nikaanza kwenda kijiweni kwenye kahawa na kumlilia kila mtu. Wiki haikuisha, Chamazi yote ikajua Mzee Nassibu anatafuta tiketi rahisi ya kwenda Saigoni. Nakuambia hayo makusudi, uone hatari ilivyoingia. Haikuruka ukuta. Niliita mwenyewe.

Akaja kijana mmoja. Alijiita Wilbert, jina lake halisi analijua Mungu na mama yake. Msafi, viatu havijui vumbi la Chamazi, shikamoo yake ndefu kama khutba. Akasema amesikia shida yetu. Ana tiketi ya ofa, abiria wake mmoja ameahirisha, jina linabadilishwa tu. Bei aliyotaja, mwanangu, ni kama nauli ya basi kwenda Mtwara. Kubadilisha ndege mara moja tu njiani, na huko anakobadilisha kuna mtu wa kumpokea Bibi na kigari cha kusukuma.

Mie nilipaswa kushtuka. Mtu mzima nimeona mengi. Lakini aibu ya ile tiketi iliyonitoroka ilikuwa imeniziba masikio, nilitaka Bibi yako aache kunitazama vile.

Wilbert akasema hataki faida. Ana dada yake amejifungua hukohuko Saigoni, mtoto hanenepi, anataka kumpelekea unga wa lishe wa nyumbani. Bibi aubebe tu. Hapo Somoe akaishiwa nguvu. "Masikini," akasema, "kumbe na wao wana mzazi." Akampa chai na vitumbua. Kijana akapiga picha pasi ya Bibi ya kusafiria, akaomba anwani yako na namba yako ya simu, eti dada yake afuate unga kwako. Nikampa. Munira, nilimpa mie mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikamhakikishia tarakimu moja moja.

Baada ya siku mbili akaleta unga kwenye kiroba kizuri kimeshonwa mdomo kwa mashine. Akasema, "Bibi, usifungue, utaingia unyevu."

"Haya baba," akajibu Bibi yako.

Sasa, unamjua Somoe. Ukimwambia usifungue, anakuheshimu mpaka unapofika getini. Asubuhi iliyofuata nikamkuta uani kakaa kwenye kibao cha mbuzi, kiroba kimefumuliwa, chekeche mkononi, unga umejaa kwenye ungo.

Nikamwambia, "Mwanamke, kijana kasema usifungue!"

"Kijana ni mwanamume, anajua nini? Unga wa mzazi hauendi bila kuchekechwa. Wakikuta mdudu huko watasema nani? Watasema Somoe wa Chamazi kaleta wadudu."

Nikaondoka zangu. Sijafika mlangoni nikasikia ameniita, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea. "Nassibu, njoo uone. Kasahau dawa zake humu."

Ndani ya chekeche, unga ulipokwisha kushuka, vilikuwa vimebaki vipakiti. Vidogo, vigumu, vimezungushiwa plastiki na gundi, vyeupe kwa ndani. Na kiroba kilikuwa bado hakijafika nusu.

Mjukuu wangu, mie huwa nina la kusema hata msibani, wanaonijua wananialika kwa ajili hiyo. Siku hiyo nilikaa chini tu, palepale kwenye unga. Nimeshasikia redioni nchi wanazonyonga watu kwa vitu hivyo. Nikamwona Somoe wangu na mtandio wake wa Idi amesimama mbele ya maaskari wasiojua Kiswahili, anawaeleza kwamba ule ni unga wa mtoto. Angeapa. Na angekuwa anasema kweli yake, na wasingemwelewa. Na wewe ungekuwa nje unamsubiri, na tumbo lako.

Bibi yako bado hajaelewa. "Tumpigie kijana aje achukue dawa zake," anasema. Ilibidi nimweleze. Akaelewa, akaweka chekeche chini taratibu, akaanza kujifuta mikono kwenye kanga. Akajifuta, akajifuta, mpaka nikamshika.

Nikaita Vaileth, tukamfuata Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Eliaichi, yule Mchaga anayenidai utani tangu Yanga ilipofungwa. Nilifikiri atatucheka. Alipochungulia kwenye ungo akavua kofia. Akasema, "Nassibu, usiguse tena kitu. Twende wote. Nitasema nilikuta hivi." Siku hiyo nilimpenda Mchaga, lakini usimwambie mtu.

Polisi walituweka kutwa nzima. Mie woga wangu ulikuwa kwamba mwenye mzigo ni yule aliyekutwa nao, na sie ndio tulikuwa nao. Afande akaniuliza, "Mzee, mzigo wa nani?"

"Wa kijana."

"Kijana yuko wapi?"

"Afande, ningejua aliko ningemleta yeye nikaacha unga nyumbani."

Hakucheka. Akamgeukia Bibi. "Wewe mama ulijuaje kama kuna kitu ndani?"

"Sikujua, baba. Nilikuwa nachekecha."

"Kwa nini uchekeche unga wa mtu?"

Bibi yako akamtazama afande kama anavyokutazamaga wewe ukila kwa mkono wa kushoto. "Kwenu mama yako alikuwa anakupikia uji bila kuchekecha?"

Hapo wakacheka, hata yule aliyekuwa anaandika. Jioni wakaturuhusu. Wakabaki na kiroba, wakabaki na simu yangu. Wilbert alitegewa siku aliyosema ataleta tiketi, hakutokea. Namba yake haipatikani. Hiyo tiketi yenyewe Vaileth aliulizia kwa wakala wa kweli, akaambiwa tiketi ya mtu haibadilishwi jina kama shati la kuazima. Kumbe mpaka leo sijui Bibi angesafiri kwa tiketi gani.

Basi hofu ya pili ikawa wewe. Anwani yako anayo. Nilikaa barazani nikijilaani, mpaka Vaileth akanikumbusha kitu. Ile anwani niliyompa ni ile uliyonitumia Mwaka Mpya, ya kwenye kichochoro cha nyumba ya ghorofa ya kijani. Na wewe ulishatuambia kichochoro hicho wamekibomoa kupitisha barabara, mkahamia upande ule inakopita treni ya juu, na hata majina ya kata wameyabadilisha yote. Nilikuwa naulaani mji huo, Munira. Kila ukipiga simu, mara duka la supu limeondoka, mara mti umekatwa, mara mtaa umepewa jina jipya, nikawa nasema mji gani huu usiotulia kitako kama mtoto mwenye upele. Siku hiyo nikasema alhamdulillahi, mji umehama na mjukuu wangu ndani yake. Waende wakabishe hodi kwenye lami.

Lakini namba ya simu wanayo, na nyumba yetu wanaijua, na wamekula hasara kwa ajili yetu. Eliaichi amewaambia vijana wa ulinzi shirikishi wapite kwetu kila mara. Vaileth anasukia wateja barazani badala ya uani, ili pasiwe patupu. Bibi yako anasema haogopi. Ila siku hizi akienda kuteka maji ananiita nimfuate, na njia nzima ananiambia namfuata ili nikwepe kazi.

Nikadhani sasa safari imekufa. Nikamwambia wazi, "Somoe, baki. Mtoto atazaliwa tu, hata Wachina huzaliana."

Akasema, "Siyo Wachina wale. Na kama nitabaki kwa kuogopa huyo mshenzi, basi huyo mshenzi ndiye mume wangu, siyo wewe."

Basi safari ikafufuka. Yule beberu wangu mwenye ndevu kama za kwangu ameuzwa, watu wa msikitini wakachanga, Eliaichi naye akatoa, na kwa wakala anayejulikana tukapata tiketi ya kuungaunga mpaka Bangkoki, na nyingine ya peke yake ya kutoka hapo mpaka kwenu. Viza alishahangaikia Fakihi, mwambie hapo nimempunguzia deni kidogo.

Bangkoki ndipo panaponinyima usingizi. Lakini Mungu katupa Mwajabu, yule mama wa Mbagala mwenye duka la magauni, ambaye hufuata mzigo Bangkoki kama sie tunavyofuata mchicha. Wanasafiri ndege moja. Atamshika Bibi mkono tangu hapa, na kule atamfikisha kwenye dirisha la wanaounganisha ndege kabla yeye hajatoka nje. Kasema Bibi abebe begi la mkononi tu, hapo hatalazimika kutoka nje kufuata mzigo wala kugongewa muhuri. Na asimshikie mtu kitu, hata mtoto, hata chupa ya maji.

Mie nikamwambia Mwajabu, "Mwanangu, usikasirike, lakini na lako begi nataka nilione."

"Babu! Hata sidiria zangu?"

"Hasa hizo."

Alitukana, akacheka, akalimwaga lote kwenye mkeka barazani, mbele ya Eliaichi na Vaileth na wateja wake wenye vichwa nusu. Nikakagua mpaka kisigino cha kiatu. Nilipomaliza machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi. Kisha tukafunga begi la Bibi hapohapo mchana, watu wakitazama. Kanga zako za uzazi, tangawizi kavu, pilipili manga ya supu yako, mdalasini, hirizi hakuna. Mafuta ya nazi wameyakataza kwenye ndege, sijui wanadhani Bibi yako atamkaanga rubani. Na unga hakuna. Hapo tuligombana. Alitaka kukuletea unga wa uji aliousaga mwenyewe, anasema mzazi bila uji wa nyumbani ni kama yatima. Nikakataa. Akalia, nikakataa tena. Utakunywa uji wa mchele wa huko, nisamehe. Sitaki mtu yeyote duniani amwone Somoe na kitu cheupe.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu badala ya kuazima simu ya Vaileth. Jana simu hiyo ililia, na namba yake nayo nilimpa Wilbert. Sauti ya mwanamke, Kiswahili kizuri. "Shikamoo Babu, ni mie Munira, simu yangu imeibiwa, natumia ya jirani. Bibi anafika siku gani nikampokee?"

Moyo ulishajaa furaha, neno lilishafika kwenye meno niseme siku na saa. Lakini kwa mazoea nikaanza na letu. Nikasema, "Mke wangu mdogo, umeshazaa? Nisije nikasingiziwa mtoto!"

Akasema kwa adabu, "Bado, Babu."

Munira, nilihisi baridi mpaka kwenye kucha. Adabu! Wewe ungenifuata na ubogoyo wangu, ungeniambia mtoto akitokea hana meno ndipo tutajua ni wangu. Mjukuu wangu gani ananijibu kama karani wa benki? Nikamwambia Bibi ameghairi, anaumwa magoti, haji tena. Nikakata. Safari hii nilikohoa kwa kweli.

Ndiyo maana sitaki siku yake isemwe kwenye simu yoyote. Fakihi ana nakala ya tiketi tangu mapema, inatosha. Ameshaambiwa aende yeye uwanjani, wewe ubaki ndani na mlango umefungwa.

Barua hii hakuna posta itakayoileta. Somoe ataifunga kwenye pindo la kanga yake ya ndani, hajui imeandikwa nini. Kesho alasiri namkabidhi kwa Mwajabu, na kuanzia hapo mie ni mzee tu aliyekaa kwenye kiti anatazama juu. Kila ndege itakayopita juu ya Chamazi nitaisalimia, nikikosea nitasalimia ya Mwanza. Sijawahi kuogopa hivi, hata nilipomposa nikafukuzwa na mbwa wa baba yake. Ukifika mahali nilipokaa kwenye unga, usimsomee. Mwambie nimeandika kwamba sikuogopa.

Msalimie Fakihi, msalimie huyo aliyeko tumboni umwambie babu mkubwa anamwekea utani. Wanakusalimu Vaileth, Mwenyekiti Eliaichi, na jirani zetu wote waliochanga. Mwenyezi Mungu akufungue salama, akupe mtoto mwenye mapafu, na amlinde yule aliyekuletea barua hii mpaka kwenye kitanda chako.

Na wewe, ukishafika kwenye mstari huu, usingoje hata kuikunja barua. Nipigie sasa, kwenye simu ya Vaileth. Usiniamkie. Nitukane vizuri, kwa sauti, nimsikie na Bibi yako anacheka nyuma yako. Nitakuwa nimeishika mkononi.

Ni mie nikupendaye, na nikuogopeaye,
mumeo mkubwa asiye na meno,
Babu Nassibu.